Kigoda Nilichokikalia Dukani

Duka la vitu vya kale lipo Themi, nyuma ya gereji, na asiyelijua atadhani ni stoo ya chuma chakavu. Mwaka jana niliingia kukwepa mvua. Nikazungukazunguka kati ya taipureta, pasi za mkaa, redio kubwa za mbao, na kichwa cha nyati ambacho jicho lake moja lilikuwa kifungo cha koti. Mwenye duka, mwalimu mstaafu, aliniacha nishikeshike nitakavyo.

Ndipo nikakiona kigoda. Miguu mitatu, kimechongwa kwa gogo moja, katikati kinang'aa kwa kukaliwa. Kilifanana na cha marehemu baba.

Nyumbani kwetu Akheri, kigoda hakikukaliwa na mwanamke. Kila jioni mama alikitoa nje, akakifuta kwa kanga, akakiweka penye jua la mwisho, baba akaja kukaa. Mama mwenyewe alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, au hakukaa kabisa. Nilipokuwa na miaka saba nilikikalia kwa mchezo. Baba mdogo alinichapa, na mama akaambiwa hajui kulea.

Mle dukani alikuwamo mteja mwingine, mzee mmoja aliyekuwa akijaribu miwani. Nilipokivuta kigoda kwenye mwanga, akanitazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unamnunulia mumeo?"

"Sina mume. Nataka kukijaribu mwenyewe."

"Mama, hicho hakikaliwi na wanawake. Wewe ni wa huku, unajua."

Nilijua, na nikakaa. Nilikaa taratibu, nikapakata mkoba wangu, sikuinuka mpaka mvua ikakatika. Mzee alirudisha miwani mezani akatoka bila kuaga. Mwalimu akakohoa kuficha kicheko, kisha akanifungia kigoda kwa magazeti.

Jumamosi nikampelekea mama. Alikitazama kana kwamba nimemletea nyoka.

"Mwanangu, watu watasema nini?"

"Waseme. Umebeba kigoda miaka yote hiyo. Sasa na chenyewe kikubebe."

Mama aliingia migombani, akarudi na mkungu, akaanza kumenya ndizi akiwa amesimama. Baada ya muda, bila kunitazama, akakivuta kigoda kwa mguu, akakaa, akaendelea kumenya.

Hazikumalizika ndizi tano, akatokea baba mdogo, yule yule wa fimbo, ambaye huja kila Jumamosi kunywa chai. Akasimama katikati ya uwanja.

"Shemeji, nani amekuweka hapo?"

Kisu kikasimama mkononi mwa mama. Nilidhani atainuka, maisha yake yote alikuwa akiinuka.

"Nimejiweka mwenyewe," akasema. "Karibu, benchi lile pale."

Hakukaa. Aligeuka akaondoka, na kwa wiki tatu hakukanyaga kwetu. Kanisani maneno yakazagaa. Mama mmoja wa kwaya akaniambia usoni kwamba mji umeniharibu. Nikamjibu kwamba kama ni mji, basi umefanya kazi nzuri. Niliambiwa niende kumwomba baba mdogo radhi. Sikwenda, na sitakwenda.

Jumamosi ya nne alikuja mwenyewe. Alikohoa getini, akatusalimu, akaenda moja kwa moja kukaa kwenye benchi. Mama alimmiminia chai, akamnyooshea kikombe bila kuinuka.