Nilivyonyang'anywa Mchumba na Pacha Wangu Asiyekuwepo

Kuna siku nilinyang'anywa mchumba na mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Na huyo mtu nilimleta mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikiwa nimeshika kikombe cha maziwa.

Tulia nikuambie.

Naitwa Dida. Niko hapa Garsen, na kazi yangu ni kuchambua magemu mtandaoni. Si zile video za dakika moja. Mimi nikianza kuchambua gemu, unaweza kupika maharagwe makavu, ukala, ukaosha sufuria, ukanikuta bado niko kwenye utangulizi.

Sasa, watu wa kazi hii tuna tabia zetu. Kuna mpole, anayeongea kama anabembeleza mtoto alale. Kuna mjuaji, lazima akueleze kwanza maisha ya aliyetengeneza gemu tangu akiwa shule ya msingi. Halafu kuna mwenye hasira, ambaye hakuna gemu lililowahi kumfurahisha na bado anacheza kila siku.

Mimi nilianza na upole. Mtazamaji wangu alikuwa Randu, rafiki yangu anayenishikia kamera, na hata yeye alikuwa anasinzia.

Ndipo nikavaa kofia nyekundu na miwani ya jua, nikajiita Dokta Moto, nikaanza kufoka. Nikapiga meza. Nikavunja kiti, na kiti kilikuwa cha Randu.

Watu wakajaa kwenye chaneli.

Shida ni kwamba Dokta Moto na Dida hawafanani hata kidogo. Dida ni mtu wa "sawa tu". Ukimkanyaga mguu anakuomba msamaha. Kinyozi akimharibia kichwa anasema asante, na mwezi ujao anarudi palepale.

Kadra alinipenda hivyohivyo. Yeye anauza vitambaa pale sokoni, na maneno yake hayana breki. Tulikuwa tumeshakubaliana. Kilichobaki ni wazee wangu kwenda kwa baba yake, Mzee Abdikarim, kusema neno.

Nilimtaka yule msichana mpaka nikawa siwezi kula vizuri. Naisema wazi, hakuna cha kuficha.

Basi, katikati ya hayo nikachambua gemu moja la ufugaji linaloitwa Mfugaji Hodari. Gemu la aibu. Ng'ombe wanakula maua. Hawaumwi, hawana kupe, na wakinywa maji mara moja wameshiba mpaka mwisho wa gemu.

Dokta Moto aliwaka. "Aliyetengeneza hili gemu amekutana na ng'ombe kwenye pakiti ya maziwa tu," nilifoka. Nikachambua kwato, nikachambua pembe, nikachambua mavi. Ilikuwa video yangu ndefu kuliko zote.

Siku chache baadaye Kadra akanitumia ujumbe: "Baba ameiona ile video ya ng'ombe. Yote. Bando langu limeisha. Anasema kabla wazee wenu hawajaja, uende akuone."

Niliingiwa na baridi katikati ya joto la Garsen.

Mzee Abdikarim ni mfugaji wa tangu zamani. Na mimi nilikuwa nimepiga kelele saa nzima kuhusu mavi ya ng'ombe. Nikajua hapo ndoa hakuna.

Nilienda. Kanzu safi, kofia ya kawaida, macho chini. Mzee alikuwa amekaa kwenye kibaraza chake cha mabati, nje kidogo ya mji. Tukaulizana hali: watu, mifugo, mvua, njia. Akaniletea maziwa ya kibuyu.

Yalikuwa yamefukizwa moshi, kama desturi yetu, lakini kupita kiasi. Machozi yalinitoka.

"Maziwa iko namna gani?" akauliza.

"Matamu sana, baba."

Akanionyesha fahali aliyekuwa amefungwa karibu na zizi. Alikuwa anachechemea mguu wa nyuma, hata kipofu angesikia.

"Na hii fahali?"

"Mzuri sana, baba. Mashallah."

Akanitazama. Halafu akatoa simu ya Kadra, na pale kwenye kioo nikaona kofia nyekundu.

"Hii mtu ya kelele, ni wewe?"

Ndugu zangu, hapo ndipo akili iliondoka ikaniacha peke yangu.

"Hapana, baba," nikasema. "Huyo ni pacha wangu."

"Pacha?"

"Ndiyo. Tumefanana sana. Lakini mimi sina tabia kama zake."

Mzee akachezea ndevu zake kwa muda. "Huyo pacha ameoa?"

"Bado, baba."

"Basi mwambie yeye aje. Kadra nampa yeye. Wewe nenda salama."

Ndani ya nyumba nikasikia kifuniko cha sufuria kikianguka, kisha kicheko kilichozibwa kwa mkono.

Nilimsimulia Randu, akakaa chini kabisa, maana kiti hakikuwepo.

"Buda, umejichoma," akasema. "Umejipora dem mwenyewe. Hii ni noma sijawahi kuona."

Jioni Kadra akapiga. Nilitarajia matusi, lakini alianza kwa upole, na hilo ndilo lililonitisha.

"Dida, unajua baba alikuwa nani ujanani?"

"Mfugaji."

"Alikuwa ndiye anayetumwa mbele. Kiangazi kikikaza, yeye anatembea peke yake kutafuta malisho, kisha anarudi kutoa habari. Yote. Nyasi, maji, kupe, watu aliowakuta. Haruki kitu na hapambi kitu, kwa sababu watu watahamisha mifugo kwa neno lake."

Nikasogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Mwaka mmoja alikuwa mgonjwa, wakamtuma mtu mwingine. Mtu mpole, wa maneno matamu, hataki kumvunja mtu moyo. Akarudi akasema kuzuri sana. Wakahama. Ng'ombe wakafia njiani, Dida. Baba mpaka leo hawezi kusikia hilo neno."

Nilikumbuka "mzuri sana" zangu zote pale kibarazani. Nilitamani ardhi inimeze na kanzu yangu.

"Sasa sikiliza," Kadra akasema, sauti yake ya sokoni ikarudi. "Wewe lete huyo pacha. Ukija na utamu wako tena, mimi nitaolewa na Dokta Moto kweli, na wewe utakuwa shemeji."

Basi nikarudi na kofia nyekundu na miwani. Randu akaja na kamera, eti ushahidi.

Nilikuta kibaraza kimejaa. Mzee alikuwa amewaita majirani waje waone mtu wa simu.

"Dokta," akasema, kwa heshima ambayo Dida hajawahi kupewa. "Karibu. Kunywa, halafu toa habari."

Nikanywa. Nikavuta pumzi.

"Haya maziwa," nikaanza, "yamefukizwa na mtu mwenye kinyongo. Moshi mwingi, maziwa machache. Mtoto akinywa haya anakohoa mpaka Idi."

Majirani wakashtuka. Mzee akaitikia kwa kichwa, taratibu, kuniambia niendelee.

Nikaendelea. Fahali: kwato ya nyuma imeoza, inataka kukatwa na kutiwa dawa leo, si kesho. Uzio wa zizi: fisi mvivu anapita bila kuinama. Hori la maji: linavuja, ndiyo maana tope liko hapa na kwato zinaoza pale. Nilizunguka boma zima nikifoka, wale majirani nyuma yangu, Randu anakanyaga mavi na kamera yake.

"Na juzi mdogo wangu, yule pacha, alipita hapa akasema fahali ni mzuri," nikasema. "Mdogo wangu ni mwongo na mwoga. Msimpe hata kuku wa kulinda."

Tuliporudi kibarazani jua lilikuwa limeshaanza kulegea. Mzee alikuwa anatabasamu.

"Sasa maliza," akasema. "Hii binti yangu, Kadra. Toa habari yake."

Kadra alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa anacheka tena.

Nilifungua mdomo wa Dokta Moto, na hakuna kitu kilichotoka.

Nikavua miwani. Nikavua kofia. Sauti iliyobaki ilikuwa yangu, ile ndogo.

"Ana hasira za haraka," nikasema. "Hajui kunong'ona. Ananicheka mbele za watu, na chai yake ina sukari ya kuua. Nimemtazama muda mrefu, baba, na sijaruka kitu. Kasoro zake zote nimeziona, na namtaka pamoja nazo. Pacha hayuko. Ni mimi tu, na niliogopa."

Fahali peke yake ndiye aliyekohoa.

"Mimi najua," Mzee akasema.

"Unajua nini, baba?"

"Pacha hayuko. Wewe ulipopewa jina, mimi nilikuwa kwenu. Mtoto ilikuwa moja." Akainua kidole. "Mbuzi pia ilikuwa moja. Mimi nilikula hiyo mbuzi."

Majirani wakaangua kicheko. Kumbe nusu yao nao walikula.

Hebu fikiria. Mimi ni Morma, mtu wa jamii ya wafugaji wa hapa, nimezaliwa hapahapa, na nilimdanganya mzee anayejua ng'ombe wa babu yangu kwa rangi zao kwamba nina ndugu asiyemjua.

"Maziwa nilichoma kwa kusudi," akaongeza. "Nataka kuona kama wewe utasema ukweli. Sasa wazee wenu waje."

Wakaja. Nikaoa. Kadra ananicheka mpaka leo, mbele za watu.

Lakini hujasikia ya mwisho.

Juzi Randu alikuja mbio na simu. Mzee Abdikarim amefungua chaneli. Kibaraza kilekile, fimbo mkononi, na video yake ya kwanza ni ndefu kuliko yangu ya Mfugaji Hodari. Inaitwa "Mkwe: Habari Yote".

Alinichambua kuanzia ndala. "Ng'ombe ya simu anafokea. Ng'ombe ya kweli anakimbia." Kukamua, sifuri. Kutengeneza uzio, afadhali mbuzi. Mwisho akanipa sita kwa kumi, na Kadra akaipenda hiyo video kabla sijamaliza kuiangalia. Watazamaji wake wameshapita wangu.

Nilikuwa karibu kuizima. Ndipo mzee akaisogelea kamera mpaka ikabaki pua tu kwenye kioo, akasema polepole:

"Lakini kiangazi ikija, huyu akiniambia malisho iko, mimi nahamisha ng'ombe yangu yote."

Nililia, jamani. Randu alilia pia, lakini yeye anasema ni vumbi.

Funzo? Ukipenda kwa watu, nenda na ukweli wako wote, hata ule wa maziwa mabaya. Na kama ni lazima ubuni pacha, hakikisha kwanza baba mkwe hakula mbuzi wa jina lako.