Kiraka cha Rubugo

Kodiani ya babu, kile kinanda cha kuvuta na kubana kifuani, ilining'inia msumarini chumbani kwa bibi, Isingiro, tangu mwaka wa vita, 1978. Babu aliondoka na mgambo asubuhi moja, hakurudi, na hakuna aliyeleta habari zake. Bibi alikataa matanga. Alisema pumzi ya mwisho aliyoivuta mumewe ndani ya chombo kile bado imo, kwa hiyo kisibanwe. Kikabaki kimening'inia kwa mkanda mmoja, mvukuto umeachama.

Nilipomaliza chuo nilirudi kwake kusubiri barua ya kazi. Zamani nilipiga kinanda kanisani, ila nikaacha kwa kuogopa kukosea mbele za watu. Mchana mmoja niliisikia kodiani ikiguna. Nikajiambia ni upepo. Kisha nikaona dirisha limefungwa.

"Bibi, panya wametoboa mvukuto. Niutengeneze?"

"Tengeneza. Lakini usiubane."

Nilitoa viota vya nyigu, nikashikiza vyuma vya sauti kwa nta ya nyuki. Matundu yalinitia wasiwasi. Kama yalikuwepo miaka yote, pumzi ya babu ilishatoka kitambo. Nimwambie? Nikaamua kuyaziba tu. Bibi akiwa shambani nilitafuta kitambaa kigumu, nikapata chini ya sanduku lake kipande cha rubugo, ile nguo ya gome la mti. Nikakata, nikabandika kwa gundi.

Siku ya pili nikaivaa kodiani mabegani. Sikugusa kitufe hata kimoja. Mvukuto ukashuka kwa uzito wake, na sauti moja nzito ikatoka, ndefu, kama mtu anayeitika.

Nje, kisu cha bibi cha kumenyea ndizi kikaanguka. Akaingia, akakitazama kiraka.

"Rubugo hiyo umeitoa wapi?"

"Sandukuni, waitu," nikamjibu kwa heshima ya kwetu.

"Msomi wangu! Chuo kizima hawakukwambia kwamba wazee wetu walizikwa ndani ya hiyo?"

Nikashika ukingo wa kiraka. "Nitakibandua, Bibi."

"Umfukue babu yako umpeleke wapi?" Akaketi mkekani. "Mama mkwe alinipa siku ile ile mume wangu alipoondoka. Hakusema ni ya nini. Nikaificha, nikasema sitaihitaji."

Akakitazama tena kiraka. Mwishowe akasema, "Ibane."

Nikaibana taratibu. Hewa iliyotoka ilinuka moshi, nta, na jasho la mtu ambaye hakuwa mimi. Niliposhindwa kuvumilia kuisikia ikipumua hivyo, nikabonyeza vitufe. Vidole vikakumbuka wimbo wa mavuno wa kwaya yetu. Nilikosea mara tatu, nikaendelea, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sikujali nani anasikia. Kifua changu na mvukuto vilikwenda pamoja, nikajikuta natabasamu huku nimejaa hofu.

Bibi akaanza kulia kwa sauti, kilio cha msibani, nami nikaacha kupiga. Majirani wakaja mbio, wakajaa mlangoni, wakiuliza nani amefariki.

"Mume wangu," akawajibu. "Karibuni ndani."

Kisha akanigeukia. "Na wewe, mbona umenyamaza?"