Jioni Popo Walipohutubia Mkutano

Siku aliyomwona mara ya kwanza, fundi mitambo wa ukumbi alikuwa juu ya ngazi akifunga spika. Mwanamke aliingia na begi mgongoni, akatazama dari badala ya kumtazama yeye, akauliza, "Kaka, hapa popo mnao?"

Fundi, mtu wa aibu ambaye salamu tu humtoa jasho, alinyoosha kidole kwenye mlango wa nyuma. Nje ya mlango huo kulikuwa na taa, na kila jioni popo waliizunguka wakila wadudu.

"Afadhali! Nilidhani nitakuwa mpweke," mwanamke akasema, akacheka peke yake.

Kesho yake ukumbi ulifurika wanafunzi wa sayansi ya uhifadhi kutoka nchi nyingi, kila mmoja na mnyama wake: huyu vyura, yule tembo, wale kasa. Yule mwanamke walimwita Mama Popo. Kwa umri aliwazidi wengi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akazaa wawili, kisha akarudi darasani kama mwanafunzi, watu wakimcheka. Haya alimsimulia fundi wakijaribu vipaza sauti, maana kwa mtu asiyejibu, maneno hutoka yenyewe.

"Mama yangu ndiye ananilelea watoto. Kila nikipiga simu ananiuliza, hao popo wako watakuajiri lini?"

Safari hii hapakuwa na mchezo. Chuo kimoja cha mbali kingechagua mzungumzaji mmoja tu na kumsomesha hadi mwisho. Asipokuwa yeye, masomo yake yangeishia hapo hapo.

Zamu yake iliangukia jioni. Alieleza vizuri, mikono ikiruka kuliko popo wenyewe, kisha akamwashiria fundi afungulie sauti alizorekodi. Fundi akabonyeza. Kimya. Akaongeza hadi mwisho. Kimya vile vile.

"Popo wamelala!" akapaza sauti mtu wa vyura. Ukumbi ukaangua kicheko.

Mama Popo akashika mdomo. Popo hulia kwa sauti nyembamba mno, sikio la binadamu haliipati mpaka ipunguzwe kasi. Naye, kwa haraka za safari, alikuwa amebeba zile ambazo hazijapunguzwa!

Fundi aliona macho ya Mama Popo yakilengwa na machozi. Kabla aibu haijamdaka, alikwisha kubeba kipaza sauti, akakatiza mbele ya umati wote ule, akafungua mlango wa nyuma.

"Dada," akasema, "wenyewe hawa hapa."

Mama Popo hakungoja kuambiwa mara mbili. Akatoa mfukoni kidude chake cha kunasia sauti za popo, kile kinachozifanya zisikike, akakiinua gizani. Fundi akakisogezea kipaza sauti. Spika zikaanza: tak, tak, tak, kama mahindi kikaangoni.

"Anatafuta," Mama Popo akanong'ona. Tak-tak-tak. "Kaona mdudu. Anamfuata... anamfuata..." Mlio ukakazana ukawa mvumo mmoja, ukakatika ghafla. "Kamla!"

Ukumbi mzima ukasimama. Mtu wa vyura alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha, akipiga kelele, "Rudia, Mama Popo, rudia!" utadhani popo anapokea maombi.

Asubuhi ya kuondoka, fundi alikuwa akikunja nyaya kibarazani. Nje basi la wageni lilikuwa linaunguruma. Mara akamwona Mama Popo anakuja mbio, kamba za kiatu zinaburuta, akamdaka mkono.

"Nimechaguliwa, kaka! Nimechaguliwa mimi! Basi linanipigia honi na miguu imegoma kupanda. Nisukume!"