Sweta Lenye Jina la Brenda

Usiku ule Eva hakurudi. Mume wangu Elimringi alitoka na wanaume wengine wenye tochi, wakashuka korongoni kuangalia mtoni, na mimi nikabaki jikoni nimeshika simu. Kila ilipowaka nilishtuka, kumbe ni kampuni ya simu inaniuzia vifurushi. Mvua za Aprili zilikuwa hazijakatika. Binti yangu Brenda alikuwa amejifunika blanketi hadi kichwani, lakini halali. Nilimjua kwa pumzi.

Sikuwa nangoja habari za Eva tu. Nilikuwa nangoja kujua kama mama yake atanisamehe, maana mimi nilishajua kilichomkimbiza mtoto, na yeye alikuwa hajajua. Nilipaswa kwenda kumwambia usiku ule ule. Sikwenda.

Mama yake ni Leonia. Si mtu wa huku mlimani. Baba yake alitoka Kigoma kuja kukata miwa kwenye mashamba ya chini ya Moshi. Yeye akazaliwa huko kwenye kambi ya wakata miwa, akaolewa kambini na Kastori, akafiwa kambini. Miaka sita iliyopita alipanda huku Old Moshi na Eva mgongoni, akapewa kulinda kihamba, yaani nyumba na migomba ya ukoo, cha jirani zetu walioko Dar, wale wanaokuja Krismasi, wanachinja, wanaondoka. Analala kwenye vyumba viwili vya nyuma. Nyumba kubwa anaifagia tu. Alfajiri anashuka tambarare kukata majani ya ng'ombe wa nyumba nne, wa kwetu wakiwemo, na saa nne anapanda na mzigo unaomfunika hadi usimwone uso. Kupanda mlima na mzigo ule mimi, niliyezaliwa hapa, siwezi.

Hajawahi kuniomba hata chumvi. Nikimpelekea maziwa, chombo hakirudi kitupu: mara maharage, mara boga, mara mlenda aliouchuma njiani. Hayo niliyapokea na kuyapika, na wanangu sikuwaambia yametoka wapi.

Ningewaambiaje? Nilikuwa nimeshaifanya nyumba yake darasa. Kwenye jumuiya yetu ya Kilutheri tulifundishwa kwamba mtoto hujifunza kushukuru akizoea kutoa. Ni kweli, na bado naamini. Ila mimi niliishia darasa la saba, na jambo nikilishika nalishika kwa nguvu. Brenda akisusa ndizi, namwambia, "Twende kwa mama Eva ukaone wenzako wanakula nini." Na tunaenda kweli. Tunasimama mlangoni, mimi natoa maziwa, Brenda anachungulia sufuria ya watu. Leonia anasema, "Karibuni," huku anaifunika.

Januari Brenda alililia sweta jipya la shule. Nikamnunulia, kwa sharti kwamba lile la zamani ampelekee Eva kwa mkono wake mwenyewe. Eva akaitwa nje, akalipokea kwa mikono miwili, akanyamaza. Mimi nikasema, "Na wewe Eva, unasemaje?" Akasema asante akiangalia miguu yake. Kwenye ukosi nilikuwa nimetarizi jina la Brenda kwa uzi mwekundu, lisipotee shuleni. Kuufumua uzi ule ni kazi ya kumaliza kabla chai haijachemka. Sikuufumua. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu nalijua.

Eva alilivaa miezi mitatu, ukosi ameukunja kwa ndani. Siku ile aliyopotea alikuwa amemshinda Brenda mtihani wa hesabu. Brenda akamgeuza ukosi mbele ya darasa zima.

"Someni! Sweta langu hilo! Maziwa yetu, sweta letu, halafu anaringa. Unasemaje, Eva? Sema asante!"

Watoto wakaudaka kama wimbo: "Sema asante! Sema asante!" Eva akalivua, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya dawati la Brenda, akatoka kwenye mvua.

Brenda alinieleza haya jioni huku akilia, na katikati ya kilio akaniuliza, "Lakini mama, si wewe ndiye huwa unamwambia hivyo?"

Alfajiri simu ikaita. Eva alikuwa ameonekana kule kambini alikozaliwa. Alikuwa ameteremka kwa miguu hadi Moshi, akaomba kupanda lori la mchanga, akalala kwa jirani yao wa zamani, na sasa ana homa. Leonia akamfuata. Mchana wakarudi kwa bodaboda, mtoto katikati. Walipita mbele ya geti letu, Leonia hakugeuza shingo.

Siku tatu hakuleta majani. Ndipo mama mkwe wangu, bibi Eliona, aliponiambia, "Unangoja nini? Mpelekee sale. Mkosaji akija na jani la sale, Mchaga hamfukuzi, hata kama damu imemwagika. Sale halikataliwi."

Jioni nikakata jani moja pale mpakani mwa shamba letu, lilikopandwa kama uzio, nikalifunga fundo kama inavyotakiwa, nikamshika Brenda mkono.

"Hodi, mama Eva."

Sauti yake ikatoka, karibu sana na mlango. "Nani?"

"Ni mimi, mama Brenda. Nimekuletea sale. Tumekukosea, dada."

"Sale ndiyo lile jani la mpakani? Sisi tulikotoka hatulijui."

"Ni la kuombea msamaha. Huku halikataliwi."

Akacheka, cheko kavu. "Maziwa yako hayakataliwi. Sweta halikataliwi. Sasa na hili nisikatae. Hivi mama Brenda, kwako mtu anaruhusiwa kukataa nini?"

Jani lilikuwa linaninyong'onyea mkononi kwa jasho.

"Umekuja na nani?" akauliza.

"Na Brenda."

"Ahaa. Leo anafundishwa nini?"

Brenda akaninyanyulia macho, naye akingoja jibu. Nilifungua mdomo, na maneno yaliyokuja yalikuwa yale yale ya siku zote, nikayameza. Ndani Eva alikohoa. Kisha nikasikia komeo likisukumwa, na mimi, kwa haraka yangu, nikasogea mbele nikidhani ananifungulia. Alikuwa analikaza.