Nguruwe Pori Shambani kwa Shule

Juzi, shuleni kwa mjukuu wangu, huko Misugusugu, niliwakuta watoto wakibishana namna ya kuzuia maji ya mvua yasiingie darasani. Mwalimu wao kakaa pembeni, anatabasamu. Nikasikia tena harufu ya mihogo mibichi.

Nilipokuwa mwanafunzi kwetu Soga, nguruwe pori walikuwa wamefukua mihogo ya shamba la shule, lile la kujitegemea. Mwalimu akatuuliza, "Sasa tufanyeje?" kisha akakaa kwenye tuta, akatuacha tubishane. Nilimhurumia. Nikakimbilia nyumbani, hapo jirani tu.

"Mama, mwalimu wetu hajui kitu, anatuuliza sisi!"

Mama akajifunga kanga, akaja, mikono inanukia tui la nazi. Wakasalimiana, wakanong'onezana, wakacheka. Kisha akatugeukia.

"Haya wanangu, nguruwe wameingilia wapi?"

Nikainamisha kichwa. Kumbe hata mama naye hajui!