Kopo la Glaisini

Nimefika umri ambao mama yangu aliacha kulala. Wenzangu ofisini wanasema ni homoni, na mmoja wao akaniletea kopo la glaisini: unga mweupe, mtamu kama sukari, eti wa usingizi, ngozi na nywele. Nakoroga kijiko kila jioni. Usingizi umerudi kidogo. Nywele bado zinanyonyoka.

Mama hakutupa nywele zake ovyo, asije mtu akaziokota akamroga. Alizisokomeza kwenye nyufa za ukuta wa udongo, kule kwetu Kolo. Nikiwa chuoni nilimcheka: "Mama, nani anazitaka hizo?" Aliendelea kuzisokomeza. Tulipobomoa ile nyumba baada ya kumzika, ukuta wa chumba chake ulikuwa umejaa nywele, mafungu kwa mafungu, na sisi wanawe hatukuwahi kujua kwamba zilikuwa zinamwisha chini ya mtandio.

Nyumba yangu ya Dodoma ni ya saruji, haina ufa hata mmoja. Glaisini ya kwanza ilipoisha nilishika kopo nilitupe, nikashindwa. Kila asubuhi nachana nywele, zinazonyonyoka nazikunja, nazisokomeza humo. Limekaribia kujaa. Nikichungulia ndani, siwezi kuapa kwamba zote ni zangu.