Baba Neema Amekataa Turungi

Kitale, Jumamosi jioni

Dada Nekesa, na wote mliomjua marehemu mume wangu, Baba Neema, leo amenichekesha tena.

Nilipeleka picha yake huku Kitale ichapishwe kwenye glasi, zile za ukungu ukungu.
Ni ile aliyopigwa kule Mabanga, anacheka na ndama. Nyingine ya kucheka sina.

Fundi, binti mpole, akaizungushia glasi karatasi ya picha, akaibana kwenye mashine ya moto.
Ilipopoa, uso ulikuwa hafifu, karibu haupo.
Nikajifuta macho kwa leso.

"Mama, usilie. Inataka kitu ndani."
Akamimina turungi yake, ile chai isiyo na maziwa.
Baba Neema akapotea kabisa!

Nikacheka hadi nikashika meza.
"Huyu hajawahi kukubali turungi! Alikuwa akisema ati ni maji ya kuoshea sufuria."
"Basi si tumpe maziwa, bana!"

Tukanunua pakiti kwa jirani, tukamimina.
Akatokea polepole juu ya ule weupe, kutoka chini: kidevu, meno, halafu macho.

Nani mwingine aliwahi kumpa turungi? Niambieni alisema nini.

Mkipita kwangu Bungoma, chai ya maziwa iko.
Mnikumbuke tu. Nyumba imenyamaza sana.